Afande na Koplo wameharibu kesi kwa mgongo, nataka buku yangu

Wakuu, saa saba usiku hii, nimekaa kitandani kama mfiwa.

Yule mtunzi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "lipia sehemu inayofuata, muuaji anatajwa leo". Nikalipia. Sehemu ya 41, buku. Tangu ya kwanza mwenye duka la picha kalala sakafuni huko Masaki, kanyongwa kwa waya wa kutundikia fremu, hazikwi, na sisi tunachanga tu kama rambirambi.

Leo wamefika stoo. Kuna picha ya chui, inauzwa eti kaichora mzee Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji wa rangi za baiskeli, mwaka 1970. Koplo anaigusa, rangi inanata. INANATA wakuu! Rangi ya baiskeli ya miaka zaidi ya 50 inanataje? Basi imepakwa juzi, na aliyepaka ndiye aliyenyonga. Nikazima feni ili nisome vizuri.

Koplo akasema, "Afande, naomba nikwambie kitu nje ya kazi."

Wakabusiana. Akamwegemeza Inspekta kwenye ile picha. KWENYE ILE PICHA. Shati jeupe! Chui kabaki kichwa na mkia, madoa yote yamehamia mgongoni kwa Afande. Ushahidi wa kesi nzima sasa unavaliwa. Na marehemu yupo hapo hapo mlangoni, hata khanga hajafunikwa, anawatazama.

Stoo ina kuta nne jamani. NNE. Wameenda kwenye chui.

Halafu "itaendelea". Buku nyingine.

Binti Mnazi: Mleta uzi ni wivu tu. Wewe lini uliegemezwa mahali?

Mzee Kitasa: Unalilia buku? Mimi nimelipia mpaka ya 60 kwa mkupuo. Wanaoana ya 52. Muuaji bado, ila namshuku MC.

Msomi wa Kitaa: Kesi za rangi zipo kweli. Beltracchi wa Ujerumani aliuza picha akidai ni ya 1914, wakaipima wakakuta nyeupe ya titani, ambayo wachoraji wa wakati huo hawakuwa nayo. Mwaka 2011 akala miaka 6, mkewe 4. Huyo mke alivaa kizamani akapigwa picha kama bibi yake, ionekane mali ni ya ukoo. Wenzetu mapenzi wamewaachia wahalifu, na yanawasaidia kazi.

mleta uzi: Asante kwa shule mkuu. Lakini MGONGO.

Kobe Mpole: Mzee Tingatinga mwenyewe 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi. Leo tena polisi wanamfutia chui. Hana bahati na afande.

Tuliza Mshono: Mbona rahisi? Wapeleke shati maabara.

mleta uzi: Limefuliwa. Mwisho wa 41. Koplo ndiye kamfulia, kwa mikono yake, huku anaimba. Unadhani nalia nini?

Binti Mnazi: Anafua!! Huyo Koplo yuko kituo gani?

Mzee Kitasa: Heri huyu anaandika. Kuna yule wa simulizi za majini, alikusanya hela zetu akatuaga anaenda kuchaji simu. Tangu Ramadhani.

Mama Wawili: Samahani, nimeingia kwa sababu ya rangi kunata. Fundi wangu kapaka sebule, wiki ya tatu hii haikauki. Mtoto akiegemea ukuta anatoka wa bluu. Nasikia aliizimua na mafuta ya taa.

Tuliza Mshono: Hakupiga msasa huyo. Na ukuta ulikuwa na maji.

Kobe Mpole: Afadhali wako alipaka. Wangu katoka na ndoo ya lita 20, eti anafuata brashi. Mwezi wa pili sasa, simu inaita haipokelewi.

Mama Wawili: Si ungemfuata kwake?

Kobe Mpole: Ni shemeji. Nikimfuata kwake, kwangu nitalala wapi?

Msomi wa Kitaa: Rangi ya mafuta unaizimua kwa tapentaini, wala si mafuta ya taa. Na unaacha koti la kwanza likauke kabisa kabla ya…

mleta uzi: Kobe subiri kidogo. Huyo shemeji ni mfupi, ana kibegi cha kijani? Maana geti langu mpaka leo linanata.