Theluji Houston: nimpigie hodi bibi jirani au nikae kimya?

MtangaTexas:
Wakuu, poleni na baridi mlioko huku. Leo Jumanne, 21 Januari 2025, Houston tumeamka mji mzima mweupe. Viwanja vyote viwili vya ndege vimefungwa, shule hakuna, na barabara zinateleza balaa. Wanangu wanachota theluji kwa mabakuli ya uji na kuijaza kwenye friza, eti akiba.

Shida yangu ni hii. Nyumba inayotazamana na yetu anaishi bibi wa Kizungu, peke yake, umri wa mama yangu mzazi. Salamu yetu ni kupungiana mikono tu. Kila asubuhi hutoka kulisha paka wa mtaani. Leo hajatoka, mapazia hayajafunguliwa, na ngazi zake zimeganda. Kwetu Tanga nisingeomba ushauri, ningekwenda. Hapa ni Texas, bunduki nje nje, na mimi ni mwanaume mweusi niliyejifunika kofia na skafu mpaka puani. Mke wangu anasema niende. Nyie mnasemaje?

Chuma_Chakavu:
Usijitafutie makubwa. Huko kila mtu na lwake. Waambie polisi wakamwangalie, wewe kaa ndani unywe chai.

DadaWaKatikati:
@Chuma_Chakavu polisi leo wana ajali kila kona, watafika saa ngapi? Mimi nilikuwa Houston Februari 2021 umeme ulipokatika. Hesabu rasmi ya jimbo ilikuwa vifo 246, wengi kwa baridi, na waliokuwa wazee hawakuwa wachache. Mtanga, nenda. Nenda na mkeo, tena yeye atangulie. Vueni kofia na skafu mkifika, gongeni, kisha rudini nyuma hatua kadhaa ili awaone vizuri dirishani. Semeni kwa sauti mnatoka nyumba ya mbele. Asipofungua wala kuitika, hapo piga 911, namba ya dharura ya huko, bila kuona haya.

Otieno_wa_Minnesota:
Houston mnalia na theluji ya kufika kifundo! Haya, pole. Akifungua muulize mambo matatu: hita inafanya kazi? Maji yanatoka? Dawa ziko? Mwambie aache mifereji idondoke kidogo kidogo usiku, na afungue makabati ya chini ya sinki ili joto lifikie mabomba. Hizo ngazi usizimwagie maji moto hata kidogo, yataganda yawe kioo. Tupa chumvi, na kama huna, mchanga ule wa choo cha paka unasaidia miguu isiteleze. Kioo cha gari pia usikimwagie maji moto, kitapasuka.

DadaWaKatikati:
Na umeme ukikatika, asiwepo mtu wa kuingiza jiko la mkaa ndani, au kuwasha gari gereji ili apate joto. 2021 hewa ya sumu inayotoka humo iliua watu hapo hapo Houston. Haina harufu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalizoea mno jiko la mkaa, ndiyo maana nasema.

MtangaTexas:
Mrejesho. Tumekwenda. Kabla hatujamaliza kugonga alikuwa ameshatuona dirishani. Mzima, ila aliogopa kukanyaga ngazi kwa sababu nyonga yake ilishafanyiwa upasuaji. Mfereji wa jikoni ulikuwa hautoi tone. Tumefungua kabati, tukapuliza bomba kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu, maji yakarudi bila bomba kupasuka. Ngazi nimezikwangua kwa beleshi la bustani. Paka nimewalisha mimi, na mmoja amenikwaruza.

Nilimkatalia pesa, akatupa sufuria nzima ya supu ya kuku. Sasa mke wangu anasema sufuria ya watu hairudi tupu. Turudishe na nini ambacho bibi wa Kizungu atakula?

Otieno_wa_Minnesota:
Mandazi. Iliki usizidishe.

Chuma_Chakavu:
Hiyo supu imebaki?