Mombasa na Diani kwa siku tatu, nikiwa na mama: tulale wapi?

MtotoWaMwalimu: Hamjambo wenzangu. Ijumaa nashuka na mama kwa treni kutoka Nairobi, tutarudi Jumapili jioni. Amefundisha Fort Jesus darasani miaka na miaka na hajawahi kuiona, wala bahari. Magoti yanamsumbua. Mimi moyo wangu uko Diani tu. Tutaweza vyote bila kukimbizana?

MwanaKibokoni: Karibuni. Mimi nimezaliwa nyuma ya ngome, kwa hiyo nipunguzie chumvi kidogo, lakini Ijumaa laleni kisiwani. Treni inaishia Miritini, na kuunganisha safari ya Diani usiku huohuo ni kumtesa mama bure.

Jumamosi ingieni Fort Jesus mara inapofunguliwa, mawe hayajashika moto. Wengi hupiga picha na mizinga, nusu saa wametoka. Mpeleke mwalimu kwenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 papo hapo chini ya ngome, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo (1696 hadi 1698). Hapo utamwacha hata saa nzima. Akichoka, akapunge upepo Nyumba ya Waomani humo humo ngomeni, bandari ya kale ikiwa mbele yake. Kisha Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, mdogo mdogo, na kahawa tungu.

Kwenda Diani, vukeni kwa feri ya Likoni kabla ya jioni. Asubuhi umati huja kisiwani, jioni hurudi makwao, na hapo feri hujaa pomoni. Kwa miguu ni bure, ila ule mteremko mshike mkono. Ng'ambo pandeni matatu ya Ukunda, halafu tuktuk hadi ufuoni.

Na uliza maji! Watu huuliza mvua tu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Diani hujirudia huko karibu na mwamba ikaacha mchanga na mwani. Niliwahi kufikisha wageni wa bara saa hiyo, mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Leo imefungwa?"

Binti_Digo: Kaka kasema kweli, ila kwetu kapita mbio. Diani mama atazame juu: kuna madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya barabara ili mbega, wale kima weusi na weupe, wavuke wasigongwe. Mbega hawana neno. Tumbili ndio wezi, ndizi usiiweke mezani ukageuka. Magoti yakiruhusu, nendeni Kaya Kinondo, msitu wetu wa mizimu. Mtafungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni na kuongozwa na mwenyeji. Msing'oe hata jani.

MtotoWaMwalimu: Ahsanteni sana. Nimemsomea mama yote. Kaya amekubali, tumbili amecheka. Sasa anauliza kama pale kwenye vitu vya meli pana mahali pa kuketi, maana anakuja na daftari.

MwanaKibokoni: Mwambie aje nalo. Akikosa pa kuketi, kiti nitamletea kutoka nyumbani.