Maziwa mililita 5 kwa saa baada ya upasuaji: je, mtoto hashindi na njaa?

Muulizaji:
Mwanangu ana miezi 14 na uzito wa kilo 10. Juzi alifanyiwa upasuaji wa utumbo, na bado anapumua kwa mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu jana anapewa maziwa ninayoyakamua, kwa mpira uliopitishwa puani, mililita 5 kwa saa, yaani kijiko kimoja cha chai. Bomba la sindano linasukumwa na mashine taratibu kiasi kwamba jicho halioni likisogea. Nilipoomba alishwe kwa njia ya mshipa ili apate nguvu, niliambiwa tusubiri. Tunasubiri nini?

Muuguzi wa watoto mahututi:
Pole sana, mama. Kijiko hicho hakikusudiwi kumshibisha. Utumbo usiopitiwa na chakula husinyaa na ukuta wake hudhoofika, ndiyo maana, daktari wa upasuaji akiridhika na mshono, tunapenda kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, hata kama tumbo bado halijaanza kunguruma. Kinachotazamwa sasa ni kama tumbo linajaa, kama anatapika, na kama mapigo na shinikizo la damu vimetulia.

Mtaalamu wa lishe:
Naongezea kuhusu mshipa. Katika siku za mwanzo mwili huyeyusha akiba yake wenyewe, hasa misuli, na kumwagia kalori nyingi hakuzuii hilo. Ziada huenda kwenye ini na huongeza hewa ya kaboni ambayo mapafu yanapaswa kuitoa, hivyo kumwachisha mashine kunakuwa kugumu zaidi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PEPaNIC, uliohusisha watoto 1,440 nchini Ubelgiji, Uholanzi na Kanada: waliocheleweshewa lishe ya mshipa kwa wiki moja walipata maambukizi machache na wakatoka mapema katika chumba cha mahututi. Sukari na vitamini kwenye dripu waliendelea kupewa, kwa hiyo tusielewe kwamba waliachwa bila kitu.

Hata hivyo, sikubali subira isiyo na mpango. Mililita 5 kwa saa ni 120 kwa siku, na maziwa ya mama kiasi hicho yana protini gramu 1 na ushei tu, ilhali mtoto wako anahitaji angalau gramu 15 kwa siku (1.5 kwa kila kilo). Ulizeni wataongeza lini na kwa kiasi gani, na kama maziwa yataongezewa protini. Lengo la kawaida ni kufikia angalau theluthi mbili za nishati anayohitaji kabla ya wiki ya kwanza kuisha.

Muulizaji:
Ahsanteni. Nimeuliza, na nimegundua kwamba jana maziwa yalisimamishwa mara mbili, kwa ajili ya picha ya eksirei na jaribio la kumtoa kwenye mashine, na mara ya pili yalirudishwa baada ya saa sita.

Muuguzi wa watoto mahututi:
Hapo ndipo lishe nyingi inapopotelea, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kila yanaposimamishwa, uliza kwa heshima yatarudishwa saa ngapi. Nawe endelea kukamua usiku na mchana, uandike saa na tarehe kwenye kila chupa, kwa sababu kiasi kikianza kupanda yatahitajika mengi kwa haraka.