Kisakinishi cha Python kwenye Windows kinatufukuzia wanafunzi! Kile kiboksi cha PATH kwa nini hakina tiki?

Wakuu, habari zenu.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Nafundisha vijana wanaoanza kuandika programu kwa lugha ya Python, na wengi wao hawajawahi kugusa lugha yoyote ya kompyuta. Kila kundi jipya likiingia najua kitakachotokea siku ya kwanza: hata print, ile amri ya kwanza ya kuandika kitu kwenye skrini, hatutaifikia. Muda wote utaishia kwenye kusakinisha.

Kwa asiyejua nazungumzia nini. Ukipakua kisakinishi cha Python cha siku zote (si kile kipya nitakachokitaja mwishoni) kwenye tovuti yake rasmi ukakifungua kwenye Windows, dirisha la kwanza linakuwekea "Install Now" kwa herufi kubwa, na chini yake njia ya kujichagulia mwenyewe. Chini kabisa kuna viboksi viwili vidogo. Cha kwanza kimeshawekwa tiki. Cha pili, cha kuiingiza python.exe kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu ukiandika jina lake), kimeachwa bila tiki. Mtu asiyejua PATH ni mnyama gani atabofya wapi? Atabofya palipoandikwa kwa herufi kubwa, na ana haki. Kisakinishi kinamaliza, kinampongeza kwamba kazi imefanikiwa. Anafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika python kama kitabu kilivyomwelekeza, anaambiwa Python haijapatikana.

Haijapatikana, na ametoka kuisakinisha sasa hivi! Mnataka aamini nini baada ya hapo? Ataamini amekosea yeye. Wanaoanza wote huamini wamekosea wao.

Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019 balaa limeongezeka. Microsoft waliweka faili la python.exe lenye ukubwa wa baiti sifuri, na kazi yake ni kukupeleka Microsoft Store. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye tayari anayo Python anaandika python, na duka linamfungukia linamtaka aipakue upya. Anatii, maana ni kompyuta imemwambia. Bando linaondoka. Sasa ana Python mbili, moja ya dukani na nyingine iliyojificha ndani ya AppData, folda ambayo Windows yenyewe haiionyeshi mpaka uiamuru. Anasakinisha maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) kwa pip ya Python hii, pip ikiwa ni chombo cha kuletea maktaba, anaendesha programu kwa Python ile, anakutana na ModuleNotFoundError, yaani maktaba haionekani, wakati maktaba ameiona ikiingia kwa macho yake. Anakuja anakwambia "mwalimu, hii kitu siiwezi". Kijana ana kichwa kizuri, hesabu anaziweza, na anaondoka kwa sababu ya kiboksi.

Najua watakaokuja kunijibu "si aandike py tu". Wakuu, py naijua, ile amri fupi inayoitafuta Python iliyosakinishwa na kuiwasha. Imo tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, na matoleo ya karibuni yameongeza hata mstari kwenye dirisha la mwisho unaokuelekeza kuandika py. Sasa fungueni vitabu mlivyonavyo, fungueni video za YouTube, fungueni maelekezo ya maktaba yoyote mnayoipenda. Kote wameandika python na pip install. Anayejifunza hufuata maelekezo aliyonayo mkononi, na kisakinishi kinatakiwa kiyafanye maelekezo hayo yafanye kazi.

Sababu ya watunzaji wa Python kuacha kiboksi bila tiki nayo naijua, na ni sababu ya kweli: mtu mwenye matoleo matatu manne, kila toleo likijisukuma mbele kwenye PATH, programu zake za zamani zinavunjika. Sawa. Lakini mwenye matoleo manne ndiye anayejua kutoa tiki! Kwa nini mzigo abebeshwe yule ambaye hajui hata swali limeulizwa? Kisakinishi kinaweza kukagua mashine kabla ya kuanza. Kikikuta hakuna Python nyingine, kiweke tiki. Kikikuta ipo, kisimame kiulize kwa sentensi inayoeleweka. Haya malalamiko yamerudiwa miaka na miaka, na kila mwalimu wa somo hili anaanza darasa kwa kupaza sauti "jamani, msisahau kuweka tiki pale chini". Maelfu ya walimu dunia nzima wanasema sentensi hiyo hiyo, na bado kiboksi kiko vile vile.

Kwa aliyekwama sasa hivi anasoma huu uzi: usiifute Python. Endesha tena faili lile lile la kisakinishi, chagua Modify, bofya Next, weka tiki kwenye "Add Python to environment variables", maliza. Kisha funga Command Prompt na uifungue upya.

Suala lingine ni mashine kuukuu. Maabara nyingi huku kwetu bado zina Windows 7. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na ndani ya hiyo 3.8 kisakinishi cha mwisho cha Windows ni cha 3.8.10, cha Mei 2021. Zilizofuata zilitolewa kama msimbo tu, bila kisakinishi. Ukurasa wa kupakua una ilani kwamba 3.9 kwenda juu haifanyi kazi kwenye Windows 7, lakini kitufe kikubwa cha manjano hakikupeleki kwenye 3.8.10. Umeshalipia bando, umeshapakua, ndipo unakataliwa. Wangeweka kiungo cha 3.8.10 hapo hapo kwenye ilani wangeokoa watu wengi sana.

Sasa kinachonifanya niandike leo. Kuna kisimamizi kipya cha kusakinisha Python, kilichopendekezwa na Steve Dower, mmoja wa watengenezaji wa Python, kwenye PEP 773 (PEP ni pendekezo rasmi la mabadiliko ya Python). Nitatenda haki: kina mazuri yake. Hakihitaji nywila ya msimamizi wa mashine, amri za python na py zote zinafanya kazi, na kuongeza toleo ni amri moja tu. Kile kiboksi hakipo tena. Lakini kisakinishi cha zamani kinaondolewa. Kuanzia Python 3.16 hakitatengenezwa kabisa. Na kisakinishi cha zamani, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa faili moja la megabaiti zisizofika hata 40. Unalipakua mara moja, unaliweka kwenye flashi, flashi inazunguka darasa zima, hakuna anayehitaji intaneti. Hiki kipya kwa kawaida yake kinakwenda mtandaoni kuchukua Python, mashine moja moja. Darasa la vijana thelathini ni upakuaji thelathini, kila mmoja kwa bando lake.

Njia ya kusakinisha bila intaneti ipo. Unatumia --download kwenye mashine yenye mtandao, unapata folda na faili la orodha, kisha kwenye mashine nyingine unaielekeza --source kwenye faili hilo. Mimi nitaimudu. Je, mwalimu wa sekondari aliyepewa somo la kompyuta juu ya vipindi vyake vingine, na maabara haina intaneti? Yeye alihitaji faili moja la kubofya mara mbili. Na kuhusu pip, nyaraka bado zinashauri uandike python -m pip, kwa hiyo yale maelekezo ya pip install yaliyojaa kila mahali yataendelea kuwakwamisha wale wale.

Ninachodai ni hiki. Kabla ya 3.16 kutoka, pawe na faili moja lililokamilika, kisimamizi pamoja na Python yenyewe ndani yake, linaloingia bila intaneti kwa kubofya mara mbili, na liwekwe wazi kwenye ukurasa wa kupakua, lisifichwe kwenye nyaraka. Na pip iitike mtu akiiita kwa jina lake.

Walimu wenzangu, andikeni hapa chini maabara yenu ina Windows gani, ina intaneti au haina, na wanafunzi wanakwama kwenye ujumbe gani hasa, neno kwa neno kama unavyotokea kwenye skrini. Nitayakusanya, niyaandike kwa Kiingereza na kuyapeleka GitHub kwenye python/pymanager, ambako msimbo wa kisimamizi hicho unatunzwa, na kiungo nitakirudisha hapa ili wenye akaunti waongeze ya kwao. Picha za skrini mkiwa nazo wekeni pia, ila futeni majina ya wanafunzi kwanza.