Mfumo wa hospitali unasema nilichoma sindano saa 7 usiku. Usiku huo nilikuwa msibani, mkoa mwingine

Wakuu, habari zenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za ajira na posho, huu una jambo lake.

Mimi ni muuguzi, inchaji (msimamizi) wa wodi ya wanawake kwenye hospitali moja ya wilaya. Mkoa msiniulize. Jumatatu nimekabidhiwa barua ya kujieleza, nimepewa siku 3. Kisa chenyewe: mgonjwa alikosa dozi ya saa 6 usiku, ndugu zake wakalalamika, utawala ukafungua kompyuta. Kompyuta ikasema dozi ilitolewa saa 7 na dakika 10, na aliyetoa ni mimi, jina langu kamili na cheo. Kwa hiyo barua inasema pamoja na uzembe, nimedanganya kwenye kumbukumbu za mgonjwa.

Usiku huo nilikuwa kwenye likizo ya dharura, tumefiwa. Nililala kwenye mkeka na wamama wa jikoni, kilomita mia nne na ushee kutoka wodini.

Mtauliza ilikuwaje. Mfumo ulipoletwa kwetu, mafunzo yalikuwa ya siku 2, wauguzi wa wodi yangu tulikwenda 4, tukapewa paswedi sisi 4. Wawili wamehama, mmoja kastaafu, nimebaki mimi. Paswedi za wenzangu wasio nazo nimeziomba kwa barua, kwa mdomo, na kwenye kikao cha asubuhi mbele ya kila mtu. Jibu la TEHAMA, kitengo cha kompyuta, ni lilelile: "Sista, tumieni kwanza hiyo yako, tunalishughulikia." Hiyo "kwanza" sasa ina mwaka na miezi.

Kompyuta yenyewe ni moja, juu ya meza ya wauguzi. Inafunguliwa asubuhi kwa jina langu na haifungwi mpaka umeme ukatike. Kwa mujibu wake, mwezi uliopita nilifanya kazi siku 31, mchana na usiku, bila kupumzika. Hakuna aliyeshangaa. Ingekuwa kweli si wangenilipa hizo zamu zote za usiku?

Na hapo sijagusa siri za wagonjwa. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Huku kwetu faili la mama mwenye VVU liko wazi mezani kwa jina langu, mwanafunzi aliyekuja mazoezini juzi analisoma akisubiri chai. Siku likivuja, barua mnajua itamfuata nani.

Barua hii nitaijibu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba huo mfumo haujawahi kunibebea kazi ya uinchaji hata siku moja. Saa moja na nusu asubuhi ninapopokea ripoti nataka kujua nina wagonjwa wangapi, nani kabadilika usiku, nani anaongezewa damu, nani anasubiriwa chumba cha upasuaji, na nina mikono mingapi ya kuwagawia. Ukiufungua, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni deni. Mfumo unajua mama wa kitanda namba 9 anadaiwa 64,500. Unajua bima ya nani imekwisha. Haujui kwamba usiku wa kuamkia leo wauguzi 2 walikuwa na wagonjwa 41 kwenye wodi ya vitanda 28, wengine wamelala kwenye magodoro chini, na ukienda kumwekea mtu kanula (kibomba cha dripu mshipani) inabidi uvuke miguu ya watu watatu.

Rosta ya zamu bado naipanga kwenye kaunta buku, kwa rula na kalamu nyekundu. Mtu akiumwa saa kumi na moja jioni, nashika simu yangu, vocha yangu, napiga mmoja mmoja kuomba wa kuziba pengo. Mfumo wa mamilioni umekaa hapo pembeni unawaka taa.

Kuulisha sasa, tunaulisha. Mgonjwa akilazwa namwandika kwenye kitabu cha MTUHA namba 14, rejesta ya serikali ya wagonjwa wanaolazwa. Nikimaliza namwingiza kwenye kompyuta. Mwisho wa mwezi tunakaa kuhesabu tena kwa kidole, tunajaza fomu ya kwenda wilayani, huko wanaingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kujumlisha takwimu za afya za vituo vyote. Mgonjwa mmoja, kaandikwa mara tatu, na hakuna hata karatasi moja inayorudi wodini kuniambia chochote.

Hiyo DHIS2 msinielewe vibaya, sina ugomvi nayo. Chimbuko lake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, ubaguzi ulipokwisha, kwenye mradi waliofanya na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Wazo lao la mwanzo lilikuwa takwimu zitumike na walewale wanaozikusanya, palepale kituoni. Palepale! Zetu zinapanda gari kwenda juu na hazijui njia ya kurudi.

Mwezi wa nne nilikwenda kwa Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, kuomba muuguzi wa tatu wa usiku. Akanijibu kwa upole tu, maana ni mtu mzuri na yeye ana anaowajibu: "Mwanangu, lete takwimu." Nikaenda TEHAMA. Kijana akabofyabofya, akasema ripoti ya wagonjwa kwa kila muuguzi kwa kila zamu haipo kwenye menyu, labda tuwaandikie waliotengeneza. Takwimu nimeziingiza kwa vidole vyangu mwenyewe, nikizitaka naambiwa hazipo kwenye menyu. WHO wana njia yao ya WISN ya kukokotoa watumishi wanaohitajika kwa uzito wa kazi. Wanaolazwa, wanaoruhusiwa, sindano, damu, vyote vimo humo ndani. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha na rosta.

Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, tunaapa kwa jina lake tukihitimu. Mama yule alikuwa anaongoza wauguzi kwenye vita ya Crimea, na mwaka 1858 alichora mchoro kuonyesha kwamba wanajeshi wengi walikuwa wanakufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Alihesabu kwa mkono. Lakini hesabu alizishika yeye, akaenda nazo kwa wakubwa.

Niseme na zuri lake, nisije nikaambiwa napinga maendeleo. Majibu ya maabara yanafika wodini bila kumtuma mtu na karatasi, na dawa kupotea kumepungua sana. Kwa hayo mawili nashukuru. Ila kabla ya kununua hawakumkalisha inchaji hata mmoja wakamuuliza asubuhi yako inaanzaje. Walikaa na wahasibu, na kweli kwa wahasibu unafanya kazi vizuri.

Jibu la barua nimeandika kurasa 2. Nimeambatanisha kibali cha likizo na nakala ya ukurasa wa kaunta buku, ambapo mbele ya jina langu kuna mstari mwekundu wa siku 5. Kumbukumbu pekee hospitali nzima inayojua nilikuwa wapi ni daftari nililonunua kwa hela yangu.

Sasa naomba wenzangu, hasa mlio sehemu ambazo kila muuguzi ana paswedi yake: mlipitia kwa nani? Metroni, mganga mfawidhi (mkuu wa hospitali), au mlikwenda TEHAMA na kugoma kuingiza? Na kuna aliyewahi kupata barua kama hii akatoka salama? Kesho naingia usiku. Majibu nitayasoma asubuhi nikishakabidhi.