Nina shahada ya fizikia na ninafundisha kwa kujitolea: nifuate njia gani niwe mwalimu mwenye sifa kamili?

Mwana wa Kome

Wakuu, habari za kazi. Nina shahada ya sayansi, upande wa fizikia na hisabati, isiyo ya ualimu. Tangu mwaka jana ninafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata huku Buchosa, mkoani Mwanza, ambako mwalimu pekee wa fizikia alihamishwa na wanafunzi wakabaki wakinakili madaftari ya kaka zao. Kazi hii nimeipenda kwa dhati, nami nataka kuwa mwalimu kamili, si mtu wa kuziba pengo. Je, ninaweza kusomea ualimu bila kuliacha darasa hili, ikizingatiwa kwamba nikienda chuoni mwaka mzima hakuna wa kunishikia vipindi? Na je, muda huu wa kujitolea unahesabiwa popote?

Jirani wa Malimbe

Ndugu yangu, njia ipo, nami niliipitia nikiwa kazini. Mwenye shahada isiyo ya ualimu hutakiwa kuwa na Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ile ambayo wengi tunaiita PGDE, na matangazo ya ajira ya serikali kwa nafasi ya Mwalimu Daraja la III C huitaja waziwazi pamoja na shahada yako. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huitoa kwa masafa na kina kituo hapa Mwanza, kwa hiyo unasoma nyumbani na kutoka kwa ajili ya mitihani tu na mambo machache mengine. Usiichanganye na stashahada ya ualimu inayotolewa na vyuo kama Butimba, kwani hiyo ni ya ngazi nyingine.

Kuhusu kujitolea, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hakukupi sifa ya ualimu, hata ukifundisha miaka kumi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundishia, hivyo muulize mkuu wa shule hali yako ikoje kabla ya jambo lingine lolote. Faida ya kujitolea utaiona kwenye masomo yenyewe. Unaposoma saikolojia ya elimu au upimaji asubuhi, mchana unakutana nayo darasani ikiwa na jina na sura.

Nikupe mfano. Mkufunzi aliyekuja kunikagua wakati wa mazoezi ya kufundisha alikaa dawati la nyuma, akachora mpangilio wa madawati yote, na kila nilipompa mwanafunzi nafasi ya kujibu akaweka alama kwenye dawati lake. Baada ya kipindi alinikabidhi karatasi ile bila maneno mengi, na mpaka leo ninaitumia njia hiyo kwa walimu wageni. Shahada ya fizikia haikufundishi jambo la namna hiyo. Haikufundishi pia namna ya kuanzisha mada ya kuelea kwa mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili anaipokea fizikia kwa Kiingereza, ilhali kila alfajiri anauona mtumbwi wa dagaa ukirudi umezama hadi karibu na ukingo, kisha ukipanda kadiri unavyopakuliwa. Muulize kwanza kwa nini unapanda. Jina la Archimedes, mwanasayansi wa kale aliyeieleza kanuni ya kuelea, litafuata.

Bibi Mwalimu, Nansio

Mwanangu Mwana wa Kome, hongera kwa moyo huo. Jambo unalouliza si geni kwa watu wa Ziwa Victoria. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kutaka watoto wote waandikishwe shule, walimu hawakutosha, na kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa huku wakisomea ualimu papo hapo, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na waratibu waliowatembelea. Nilikuwa mmoja wao. Tulibezwa sana kwa kuitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia ile, na pasipo wao vijiji vingi vingekuwa na majengo matupu.

Hata hivyo, nisikufiche: palipokuwa na mwalimu mzoefu wa kukaa nawe jioni na kulipitia andalio la somo, mtu aliiva, aliyeachwa peke yake na vitabu alipapasa gizani kwa miaka. Kwa hiyo tafuta mlezi hapo hapo shuleni kabla hujalipa ada ya chuo.

Mkuu wa Shule, Sengerema

Naunga mkono. Naongeza kwamba uombe barua ya kutambuliwa inayotaja masomo na vidato unavyofundisha, na uhifadhi maazimio ya kazi, yaani mipango ya mada za muhula, na maandalio yako yote. Walimu nao sasa hufanyiwa usaili kabla ya ajira, na maswali huwa ni ya kazi hizo hizo. Safari ya mitihani isikutishe tena, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi la kuvukia ziwa kwenda Mwanza lifunguliwe mwaka 2025 hatulali foleni ya kivuko.

Mwana wa Kome

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Hapa hakuna mwingine wa fizikia. Je, mwalimu wa Kiswahili mwenye miaka mingi kazini anaweza kunilea?

Bibi Mwalimu, Nansio

Marahaba, mwanangu. Anaweza kabisa. Fizikia unayo, yeye akuangalie unavyouliza, unavyosubiri jibu, unavyosahihisha, na unavyomrudisha darasani mtoto aliyekata tamaa. Mwombe aingie kwenye kipindi chako mara moja kwa wiki, nawe uingie chake.