Naipenda Jinja, na hamu ya kusafiri hainiachi

Kijana wa Walukuba:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimezaliwa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, Uganda, na sijaona mji ninaoupenda kuliko huu. Asubuhi hushuka Masese, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kununua mukene (dagaa) wa biashara yangu, nikawakuta akina mama wamekwisha kuwaanika juu ya nyavu, wakiwageuza kwa viganja kabla jua halijawa kali, na moyo wangu hutulia kabisa. Lakini nikivuka daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa mwaka 2018, nikaona malori ya Kenya, Rwanda na Kongo yakipishana, hamu ya kujua yanakokwenda hunikosesha usingizi. Mjomba wangu husema mwacha asili ni mtumwa. Mama ananitegemea, ingawa hajanikataza. Je, anayeupenda mji wake ana haki ya kutamani kuondoka?

Dereva wa masafa:
Mdogo wangu, naendesha lori kati ya Mombasa na Kampala na hupita juu ya daraja hilo mara kwa mara. Usidhani sisi tunaiona miji. Tunachoona ni foleni ya Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, mizani, maegesho na bohari. Kama unataka kujua watu wanavyoishi, panda basi la abiria. Kisumu inatosha kwa kuanzia: ziwa ni lile lile, na mfanyabiashara wa samaki hatakosa la kujifunza sokoni. Kenya na Rwanda utaingia kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Mama wa mtaa huo huo:
Mwanangu, mjomba wako anastahili heshima, lakini aulizwe asili ya Walukuba ni ipi. Baba yangu alitoka Arua kutafuta kazi wakati bwawa la umeme la Owen Falls lilipokuwa likijengwa hapa Jinja, kabla halijafunguliwa mwaka 1954, na majirani zetu walikuwa Wajaluo, Wateso, Wagisu na Wanubi, ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya mtaa. Wote hao waliacha kwao wakiwa na kwao. Tazama pia maduka ya zamani ya Main Street, yenye mwaka wa ujenzi juu ya baraza: mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na waliokuwa wameyajenga wakaiacha Jinja bila kupenda. Wapo waliorudi miaka ya 1990, kwa kuwa umbali wote ule haukuwasahaulisha mji huu. Wewe hakuna anayekufukuza, basi kwa nini safari ya hiari iitwe utumwa?

Aliyehamia Kigali:
Nakubaliana na mama, ila suala la mzazi halijajibiwa. Mimi niliondoka nikiamini kwamba nikishaona mji mwingine kiu itakwisha. Haikwisha, ilizaa nyingine, na bado Jinja naikumbuka kila siku. Kwa hiyo usisubiri moja ya hizo hamu mbili ife ndipo uamue. Pima kwanza kama unataka kwenda kuona au kwenda kuishi, kwa sababu safari ya wiki moja haihitaji kuvunja biashara. Kisha keti na mama, umweleze uendako, utakapolala na siku ya kurudi, na umtajie mtu mnayemwamini ambaye atashuka Masese badala yako.